Mtoto Aliyetapika Sikukuu

Mwanangu Igoki alikuwa akitapika sikukuu. Siku za kawaida, siku za kuchota maji na kula kunde, alikuwa mtoto mzima kabisa, mwenye mbio na maneno mengi. Lakini ikija Krismasi, au akija mgeni tuliyemngoja, au tukipanga safari ya kwenda kwa mama yangu, basi alfajiri ya siku yenyewe angeamka midomo imekauka, akae kitandani amejikunja, aniambie, "Mami, imekuja." Halafu yanaanza.

Hakukuwa kutapika kwa mtoto aliyekula embe bichi. Alitapika chakula, akatapika maji, akatapika nyongo, kisha akaendelea kukamuliwa na tumbo lisilokuwa na kitu ndani. Akipata nafasi ya kupumua alilala kama nguo iliyoloa. Hakutaka mwanga, hakutaka sauti, hakutaka kuguswa na mtu ila mimi. Mara nyingi ilipita siku nzima na usiku wake. Kisha inakoma ghafla, kama redio iliyozimwa, naye anafungua macho na kuuliza kama kuna ugali.

Mimi naitwa Wambeti. Mimi na mume wangu Misheck tunalima ndizi Mitunguu, kwenye kipande cha shamba kinachopata maji ya mradi wa umwagiliaji. Kwao Misheck ni Ishiara, huko chini kwenye joto la Mbeere, ambako mama yake anaishi na mbuzi wake. Igoki ni binti yetu wa kwanza, kwa hiyo alipewa jina la huyo mama mkwe wangu, kama ilivyo desturi. Mama alimpenda vibaya sana. Alimwita "mimi". Tukifika kwake angenyoosha mikono na kusema, "Nileteeni mimi nijione." Naeleza haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyotokea baadaye yalitoka kwa chuki.

Tulizunguka na huyo mtoto. Zahanati ya kwanza walisema malaria. Ya pili wakasema minyoo. Ya tatu wakasema taifodi, wakamchoma sindano hadi akawa akiona koti jeupe hata buchani analia. Katika kliniki moja mjini Meru, daktari alimtazama Igoki, ambaye siku hiyo alikuwa mzima na anarukaruka kwenye benchi, kisha akanitazama mimi.

"Mama, huyu mtoto hana kitu. Labda ni wewe uko na wasiwasi mwingi."

"Wasiwasi wangu ndio unatoa nyongo tumboni mwake?" nikamuuliza.

Akaniambia nikitoka nimwite mgonjwa anayefuata. Nilitoka bila kumwita mtu.

Kanisani, mama mmoja wa maombi alinishika mkono na kunieleza kwamba ni pepo, tena pepo wa aina ya kuchukia furaha. Nilimwambia kama ni pepo, basi safari hii amechagua nyumba mbaya. Hakunishika mkono tena.

Mama mkwe naye alikuwa na jibu lake. Kwa maoni yake shida ilikuwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kimerefuka, alisema, kinamtekenya mtoto, ndiyo maana anatapika; kikikatwa ataacha. Kulikuwa na mzee huko Ishiara, Munyi, aliyejulikana kwa kazi hiyo. Mama hakuwa akisema ovyo. Kabla ya Misheck alizaa mtoto mwingine wa kiume, ambaye alianza kutapika asubuhi moja na jioni akawa amekufa. "Tungemkata mapema angekuwa mzee leo," aliniambia, na macho yake hayakuwa ya mtu wa kubishana naye.

Lakini mimi nilikuwa nimemwona mtoto wa jirani yetu Mitunguu aliyekatwa kilimi. Nilimwona akipakiwa kwenye gari kwenda hospitali, leso ya mama yake imekuwa nyekundu yote. Aliishi, Mungu ni mkubwa. Lakini kutapika hakukukoma. Kwa hiyo kila Mama alipotaja jina la Munyi nilisema, "Hapana, Mama," na kila mara hiyo hapana yangu ilizidi kuwa ngumu.

Pasaka ya mwaka wa tisini na sita Igoki alitapika hadi macho yakazama na mkojo ukakatika. Alikuwa na miaka sita. Tulimbeba hadi hospitali moja kubwa huko Meru, wakamtundikia dripu, na kwa bahati wodi ya watoto siku hiyo ilikuwa na daktari mwanamke aitwaye Karimi. Huyo hakuanza na sindano. Alivuta kiti akaketi.

"Akiwa hatapiki anakuwaje?"

"Anakuwa mzima kuliko mimi."

"Na inakuja wakati gani?"

Nikamweleza habari ya sikukuu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliuliza kuhusu mwanga, kuhusu kelele, kuhusu vile inavyoisha ghafla. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Wewe mwenyewe, kichwa kinakuuma?"

Kichwa changu kimeniuma tangu nikiwa msichana. Kinaanza nyuma ya jicho moja, kinashika upande huo wote, najifungia ndani na kitambaa usoni mpaka kiniachilie. Sikuwahi kuona kwamba ni ugonjwa. Nilidhani ndivyo vichwa vilivyo.

"Hicho ni kipandauso," Daktari Karimi akasema. "Huyu mtoto amekirithi kwako, ila kwake kimeshuka tumboni. Si minyoo, si kilimi, si pepo. Uchovu unakiamsha, njaa inakiamsha, na hata furaha inakiamsha."

"Kina dawa?"

"Ya kukimaliza, hapana. Wengi kinawaacha wakiendelea kukua. Kikija, mlaze mahali pa giza na kimya, umpe maji ya glukosi kidogo kidogo kwa kijiko kabla hajaishiwa nguvu. Asipopata mkojo, au akilegea, usingoje. Mlete atiwe dripu."

Nilimuuliza lile lililobaki. "Sasa nimfanyeje, Daktari? Nimfiche asifurahi?"

"Hilo siwezi kukuamulia, mama. Ukimficha, pengine atatapika mara chache. Usipomficha, atatapika zaidi. Lakini ukimwahi na maji, hatakufa."

Nilitoka pale nikiwa na uamuzi wangu. Kama ni lazima mtoto wangu atapike, atatapika akiwa ameishi.

Uamuzi huo ulijaribiwa Agosti ya mwaka huohuo. Kivuti, mdogo wake Misheck, alikuwa anaoa msichana wa Nkubu, huko Meru, anayeitwa Kiende, mwalimu wa chekechea, mtu wa kucheka sana. Kiende alikuja kwetu mwenyewe kumwomba Igoki awe mmoja wa wasichana wa maua, wale watoto wanaotangulia mbele ya bibi arusi wakimwaga maua njiani. Igoki alisikia akiwa nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo ikawa kutembea uani kwa madaha, akirusha majani makavu ya migomba huku na huku. Nani angemficha jambo hilo?

Wiki chache kabla ya harusi mama mkwe alifunga safari kuja Mitunguu. Alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Mama Igoki, mtoto abaki hapa."

"Abaki na nani, Mama?"

"Utafute mtu. Wageni watakuwa wengi, kuna wakwe kutoka Meru. Akianza hayo mambo yake mbele ya wakwe watasema tuna ugonjwa kwa boma. Ama tumwite Munyi sasa, amalize hii maneno, mtoto aje akiwa safi."

"Hapana, Mama."

"Hapana gani? Ya kubaki ama ya Munyi?"

"Zote."

Alimgeukia Misheck. Mume wangu ni mtu mpole, na kwa mama yake alikuwa mpole kupita kiasi. Alizungusha kikombe mezani. "Labda Mama ana maana," akasema. "Kwa siku moja tu."

"Sawa," nikamjibu. "Igoki akibaki, nami nabaki. Wewe utasimama mbele ya hao wakwe na kuwaeleza mke wako yuko wapi, na kwa nini."

Mama aliondoka bila kuchukua ndizi nilizomfungia.

Tulienda Ishiara siku mbili kabla ya harusi ili mtoto apumzike. Nilimlisha kwa wakati, nilimlaza mapema, nilimkataza kukimbiakimbia juani na binamu zake. Nilifanya yote Daktari Karimi aliyonifunza. Na alfajiri ya Jumamosi, siku ya harusi, Igoki alinigusa bega.

"Mami, imekuja."

Sikulia. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilimbeba hadi chumba cha zamani cha Misheck, kile alichojengewa alipotahiriwa, kilicho mbali kidogo na jiko. Nikatundika blanketi dirishani, nikaweka beseni karibu, nikakoroga glukosi. Kijiko kimoja. Akatapika. Nikangoja. Kijiko kingine. Kulikuwa na jirani mwenye pikapu na nilikuwa nimezungumza naye tangu jana: nikimwita, tunakwenda hospitali hata kama maharusi wako madhabahuni.

Nje boma lilikuwa limechangamka. Mbuzi wamechinjwa, sufuria zinapigana, wanawake wanaimba. Sauti ya mtoto akikamuliwa na tumbo ikawafikia, na uimbaji ukapungua. Nilisikia mmoja akisema, "Si tulisema?" Nikafungua mlango kidogo, nikamwangalia kwa muda, nikaufunga tena.

Haukupita muda mrefu mlango ukagongwa. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na gauni lake jipya la harusi, na nyuma yake mzee mmoja mwembamba, shavu limejaa majani ya muguka anayotafuna, mkononi ana kitambaa kilichofungwa. Sikuhitaji kuambiwa kulikuwa na nini ndani ya kitambaa.

"Tupishe," Mama akasema. "Ni dakika tu. Munyi amefanya watoto wengi."

Nilitoka nje, nikavuta mlango nyuma yangu, nikauegemea.

"Hamwingii hapa."

"Wambeti!" Hakuwa akiniita kwa jina langu. Siku hiyo aliniita. "Mimi nimezika mtoto aliyelia hivyohivyo. Unataka nizike na jina langu?"

"Hatuziki mtu leo. Leo tunaozesha."

"Na akifa?"

"Hatakufa, Mama. Na kama nimekosea, nitakuwa nimekosea mimi mama yake. Lakini hakuna mtu atamtia chuma kooni mtoto ambaye shida yake haiko kooni. Si leo, si kesho. Mkitaka kupita, mnibebe mimi kwanza."

Wanawake walikuwa wameacha sufuria, wanatutazama. Munyi alitema kando, akasema taratibu kwamba yeye hapendi vita, ila mama wa watoto wa siku hizi wamesoma sana. Ndipo Misheck akaja kutoka upande wa turubai. Alikuwa tayari amevaa suti, kwa kuwa ndiye aliyetakiwa kusimama kanisani kwa niaba ya baba yao marehemu.

"Mshike mke wako," mama yake akamwambia.

Misheck alinitazama. Sikujua atafanya nini. Kusema kweli nilikuwa nimekwisha kukaza miguu hata dhidi yake. Kabla hajasema kitu, kutoka ndani kukaja sauti ndogo kama ya kitoto cha mbuzi.

"Baba, wanapiga kelele."

Misheck akafunga macho kidogo. Alipofungua alimtazama Munyi, si mama yake. "Mzee, umesikia. Mtoto anataka kimya. Nenda ule nyama, karibu sana." Kisha akanisogeza kwa upole, akanifungulia mlango niingie, akaufunga, nami nikasikia akiketi kwenye kizingiti upande wa nje, na suti yake yote.

Wakamwita kanisani mara ya kwanza, ya pili. Alimtuma mjomba asimame mahali pake. Hakusogea. Hadi leo hakuna picha ya Misheck katika harusi ya ndugu yake.

Ndani tuliendelea, mimi na Igoki na kijiko. Joto la Ishiara liliingia hata kupitia blanketi. Alitapika nyongo, akalala, akatapika, akalala. Nilimpangusa, nikamhesabia pumzi, nikamnong'oneza kwamba tumbo lake ni jinga lakini yeye si mjinga. Baadaye kijiko kimoja kikakaa. Halafu kingine. Akaenda haja ndogo, nami nilifurahia mkojo ule kuliko mahari yangu. Kisha akalala usingizi wa kweli, mdomo wazi.

Jua lilikuwa limeinama alipofungua macho. Muziki wa spika ulikuwa ukitikisa mabati.

"Kuna pilau?" akauliza.

Nilimpa kijiko cha wali mweupe kwanza, kisha uji. Alikula akisikiliza.

"Wamekwisha kutembea?"

"Wametembea, mama. Asubuhi."

Alifikiri. Uso wake ulikuwa bado umechongoka, lakini kidevu kilikuwa kimeinuka, kidevu cha Nyanya yake kabisa. "Mimi sijatembea," akasema. "Nivalishe."

Nilimvalisha gauni lake jeupe. Misheck alitaka kumbeba; akakataa. Tulivuka uwanja tukiwa watatu, yeye katikati, hatua za mtu anayejifunza miguu. Mshereheshaji alikuwa akiita watu watoe zawadi, akatuona, akatupungia mkono tukae nyuma. Hatukukaa. Igoki alikwenda moja kwa moja hadi meza ya maharusi, akashika ukingo wake.

"Anti Kiende, mimi sijatembea."

Wakwe kutoka Meru walikuwa mstari wa mbele, na mama mkwe wangu katikati yao, mikono mapajani. Kiende alimtazama yule mtoto, midomo iliyopasuka, nywele zilizolowa jasho. Kisha akainuka, akakusanya gauni lake refu mkononi.

"Basi kumbe arusi haijaisha," akasema kwa sauti. "Kivuti, simama. Tunatembea tena."

Maua ya vikapu yalikuwa yamekwisha kumwagwa kanisani. Kiende akachukua shada lake mwenyewe, akalichana bila kusita, akamjazia Igoki viganja. Wakatoka hadi mlango wa boma, wakageuka, wakaanza kuja. Igoki alitangulia. Alikuwa dhaifu, kwa hiyo kila baada ya hatua chache alisimama apumue, na alipopumzika yeye bibi arusi naye alisimama, na bwana arusi, na mshereheshaji na kipaza sauti chake. Akirusha ua moja, anapumzika, anarusha lingine. Wanawake wa Nkubu ndio walioanza vigelegele. Wa kwetu wakaona aibu kushindwa nyumbani kwao, wakapokea. Ikawa kelele ya kupasua masikio, nami nikamwangalia Igoki kwa hofu, lakini yeye alikuwa anacheka.

Mama mkwe hakupiga kigelegele. Baada ya pale alinifuata nyuma ya turubai.

"Amekunywa nini?"

"Glukosi. Kwa kijiko."

"Mimi bado sikubaliani na wewe."

"Najua, Mama."

Akasimama kidogo, akichezea kitambaa cha kichwani. "Nilimwogopea," akasema. "Nilikaa kanisani nikingoja mtu aje aniite niambiwe amekwenda. Sikusikia hata mahubiri." Halafu akaenda kumchukua Igoki, akamketisha mapajani mbele ya wakwe wote, akamlisha pilau punje kwa punje.

Sikushinda kila kitu. Krismasi ile Igoki alitapika tena, na siku ya kuingia darasa la kwanza vilevile. Kuna watu kanisani ambao hadi sasa wanahamisha watoto wao tukikaa benchi moja. Wahamishe, benchi linatubakia pana. Munyi naye angali na kazi Ishiara, lakini nimeongea na mama wengi wa huko, mmoja mmoja, kisimani na sokoni, na najua wengine wamemfungia mlango. Alinitumia salamu mbaya. Nilizipokea.

Mwaka jana Igoki alikuwa likizo kwa Nyanya yake ugonjwa ulipomkuta huko. Mama alimfunga mgongoni mwenyewe akampeleka kituo cha afya, na kijana wa zamu alipoanza kuandika malaria, akamzuia kalamu. Aliniambia baadaye kwamba yule kijana alitaka kubishana, lakini hakuwa na nguvu za kutosha.

Sasa Igoki ana miaka tisa. Inakuja mara chache, ingawa haijatuaga. Muhula huu amechaguliwa kukariri shairi mbele ya wazazi wote siku ya kufunga shule. Mwalimu wake aliniita, akazungukazunguka kwa maneno ya adabu, mwishowe akauliza kama si vizuri shairi lipewe mtoto mwingine, ili shule isije ikaaibika.

Nilimwambia amtayarishe huyo mwingine awe wa akiba, ni busara. Lakini jina la Igoki lisifutwe. Akija amekariri, mtamsikia. Akija ametapika, mtamngoja mpaka apanguse mdomo.

Mwalimu alicheka kidogo, akidhani natania. Alipoona sicheki, akasema sawa, mama. Shule inafungwa Ijumaa.